Matofali ya Dirisha la Krismasi

Mercy, siku ya kuniaga kazini wewe na wenzako mliniambia kwamba keki ni tamu, lakini mngependa zaidi niwaachie maarifa ya kupamba dirisha la mbele la duka wakati wa Krismasi bila pesa. Niliahidi kuandika. Sasa asubuhi zangu zina misa, kuku na nafasi ya kutosha, kwa hiyo sina kisingizio. Sitaeleza nilivyotoka kwenye ufagio hadi kwenye funguo, maana hayo hayapambi kitu. Nitaeleza dirisha.

Nilifika Busia kutoka Sigalame nikiwa msichana mwenye sanduku la mbao na barua ya masista. Nilikuwa nimekaa kwao miaka miwili nikiamini nimeitwa kuwa mtawa. Mama Mkuu alinitazama kwa upole akasema kwamba Mungu ananiita kweli, ila si upande ule. Nilitoka kwao na vitu vitatu: sala, kushona, na kutengeneza maua ya karatasi. Namshukuru Mungu, vyote vitatu vimenilisha.

Mwenye duka wakati huo alikuwa Mzee Wandera, mtu wa Khunyangu. Alianza na cherehani moja kwenye veranda, akaikuza mpaka ikawa duka la nguo kwenye barabara inayokwenda mpakani. Alisoma barua yangu, akanipa magazeti ya zamani na chupa ya siki, akasema, "Anza na kioo." Nilisugua mpaka nikauona uso wangu. Nilipomaliza, aliniongoza kuvuka barabara tukasimama kwenye veranda ya ng'ambo.

"Unaona nini, dada?"

"Naona kioo safi, Mzee."

"Mimi naona mistari ya gazeti pale juu. Na lile shati limetupa mgongo kama mtu aliyekasirika." Alikuwa anasema bila haraka, kama anayepima kitambaa. "Dirisha halipangwi kutoka ndani. Mnunuzi hayuko ndani, yuko huku. Kila ukigusa kitu, hata pini, vuka barabara uangalie."

Hilo ndilo somo lote, Mercy. Mengine yote nitakayoandika ni maelezo yake. Nadhani nimeivuka barabara ile mara nyingi kuliko mihuri iliyogongwa pale forodhani.

Krismasi yangu ya kwanza Mzee aliniambia nipambe kwa kile kilichopo. Kilichopo kilikuwa kidogo, na nikajifunza kwamba kidogo kinatosha ukikijua tabia zake. Nyota nilikata kwenye karatasi za fedha za ndani ya pakiti za majani ya chai. Nilizitundika kwa uzi wa nailoni ambao wavuvi wa Sio Port hutumia, kwa sababu hauonekani, na mtoto aliyesimama nje anaapa kwamba nyota zinaelea. Matawi ya msonobari niliyaomba parokiani. Usiyaweke makavu. Yasimamishe kwenye kopo lenye mchanga uliolowa, na kila asubuhi uyanyunyizie maji, la sivyo kufikia wiki ya pili utakuwa unauza nguo zenye sindano za msonobari ndani yake. Baluni usijaribu. Kuanzia saa sita jua linapiga kioo chetu moja kwa moja, na baluni zilipasuka moja baada ya nyingine mbele ya askari aliyekuwa akipita na bunduki yake. Tulimweleza kwa muda mrefu.

Gundi nilipika ya unga wa muhogo. Inashika vizuri sana, na panya wanaipenda. Mwaka wa pili walimla malaika mmoja mpaka kiunoni. Tangu hapo niliweka chumvi nyingi na ndimu kwenye gundi, na malaika wakaishi mpaka Epifania, sikukuu ya Mamajusi.

Miaka ilikwenda hivyo, kazi na sala, mpaka nikawa "Mama Perpetua" kwa watu ambao zamani waliniita dada. Kisha ukaja ule mwaka ambao mmesikia vipande vyake tu. Afadhali mpate wote kutoka kwangu.

Mwaka huo Mzee Wandera alipata ugonjwa wa kupooza mguu, akarudi kukaa nyumbani Khunyangu. Duka likashikwa na mwanawe, Fredi. Wengi wenu mnamjua Fredi kama bosi mpole mwenye miwani. Wakati huo hakuwa na miwani wala upole mwingi. Alikuwa mtu wa kupima kila pembe ya duka kwa macho akiuliza inaleta nini. Mwanzoni mwa Desemba nilikuta matofali yamepangwa kwenye veranda, mekundu, mapya, yamefika alfajiri.

"Ya nini haya, bosi?"

"Ya dirisha, Mama Perpetua. Tunaliziba. Ndani naweka shelfu, na nje pale nakodisha kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Watu siku hizi wanaangalia simu, nani anaangalia dirisha?"

Nilihisi kama mtu ameniambia nyumba yetu ya Sigalame inabomolewa. Nilimwambia dirisha ndilo lililolijenga duka. Alisema dirisha halijamwambia hivyo. Tulijadiliana, na mwishowe, kwa sababu baba yake alimlea vizuri licha ya kila kitu, akanipa nafasi.

"Sawa. Lipambe hii Krismasi. Kama kufikia tarehe ishirini na tano sijaona watu wanaingia kwa sababu ya hilo dirisha, fundi anaanza kazi."

Akanipa noti moja ya mapambo na akaniomba nirudishe chenji.

Hapa ndipo nilipokosea, na ninaandika kosa langu kwa urefu kwa sababu mema yangu mtayakumbuka wenyewe. Nilitaka kumshangaza Fredi. Nikaacha nyota zangu na msonobari wangu, nikaamua kufanya dirisha la kifahari kama zile kadi za Krismasi zinazotoka ng'ambo, zenye theluji. Nilikwenda Malaba kwa mfanyabiashara wa vitambaa, nikapata kipande cha mwisho cha satini nyeupe kwa bei ndogo mno. Aliniuliza kama nataka na renda yake, maana wateja wake wa satini hiyo huchukua vyote viwili pamoja. Sikumuuliza wateja wake ni akina nani.

Nilichukua sanduku refu la shehena, nikalilaza katikati ya dirisha, nikalifunika satini na kuikunja mikunjo midogomidogo pembeni, kazi safi ya masista. Renda nikaizungusha. Theluji nilifanya kwa pamba ya hospitali. Kwa kuwa ilikuwa Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, na rangi yake ni zambarau, nilitengeneza maua meupe na ya zambarau nikayapanga mashada mashada. Mishumaa miwili mirefu, bila kuwasha. Na kwa kuwa wateja kila siku walikuwa wakimuuliza Mzee, nilichukua picha yake kubwa, ile ya suti, nikaiweka juu ya sanduku, nikaizungushia maua, na chini yake nikaandika kwa herufi nzuri: *Asante Mzee Wandera*.

Nilipaswa kuvuka barabara. Nilijua. Lakini wiki hiyo foleni ya trela za kwenda Uganda ilikuwa imerudi nyuma mpaka mbele ya duka letu na kupita, na trela moja ya saruji ilisimama siku tatu mbele ya dirisha bila kusogea hata gurudumu moja. Ukivuka, unachokiona ni turubai lake. Nikajiambia, Perpetua, umefanya kazi hii miaka mingi, huhitaji kuvuka tena. Kiburi hakiji kikipiga kelele, huja kama uchovu.

Siku ya kwanza watu walipita karibu na kioo taratibu. Wanaume walivua kofia. Nilifurahi, nikadhani ni heshima kwa Majilio. Siku ya pili mama mmoja alipiga ishara ya msalaba na kuendelea na njia yake. Hakuna aliyeingia. Fredi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, akitazama matofali yake.

Siku ya tatu aliingia Mzee Etyang. Huyu alikuwa mwendesha baiskeli kutoka Adungosi, mmoja wa wale wa zamani waliovusha watu mpakani kwa baiskeli kabla pikipiki hazijajaa. Kwa miaka mingi ndiye aliyembeba Mzee Wandera kila alipokuwa na safari ya mjini. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "sisi wa steji ya baiskeli tumeumia. Mzee amekufa lini, na mbona hatukuambiwa? Mazishi ni Khunyangu?"

"Nani amekufa?"

Akanionyesha dirisha kwa kidevu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwonyesha marehemu kidole.

Wakati huohuo trela ya saruji ikanguruma na kusogea. Nilitoka mbio nikavuka barabara. Nikasimama pale aliponisimamisha Mzee siku ya kwanza, nikageuka. Lilikuwa jeneza. Satini, renda, mikunjo, mashada, mishumaa, pamba, na picha ya mwenyewe amevaa suti. Hakukosekana kitu isipokuwa wanakwaya.

Msicheke sana, bado. Habari ilikuwa imefika Khunyangu kabla mimi sijaelewa. Majirani wawili waliingia boma la Mzee wakilia kwa sauti, wakamkuta ameketi anakula ugali na omena. Aliwaomba wapunguze kilio ili asikie redio.

Fredi alirudi kutoka kupokea simu uso wake umebadilika. "Mama Perpetua, umemzika baba yangu! Mimi ninapigiwa simu na wajomba wanauliza ng'ombe atachinjwa yupi!"

"Nisamehe, bosi."

"Sitaki kungoja tarehe ishirini na tano. Fundi anakuja ishirini na nne asubuhi. Alikuwa anataka hiyo kazi kabla ya sikukuu, basi aipate."

Niliingia stoo nikasali rozari yangu yote, na sikumwambia Mungu alinde dirisha. Nilimwomba tu anipe macho.

Kesho yake Mzee Wandera aliletwa mjini na gari la jirani, kwa sababu alisema watu wakimwona wenyewe itaokoa maneno mengi. Gari lilikwama kwenye foleni, kwa hiyo Mzee Etyang akaenda kumchukua kwa baiskeli. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikiwaona wanavyokuja. Etyang alikuwa akitembea huku akiisukuma baiskeli, polepole, na Mzee ameketi upande kwenye kiti cha nyuma chenye mto wa pindo nyekundu, fimbo mapajani, mtu mwenye maumivu na mwenye subira. Kila hatua Etyang alikuwa akimtazama kama anabeba mayai.

Etyang akamketisha kando yangu. Mzee aliangalia dirisha muda mrefu.

"Unaona nini, Mama Perpetua?"

"Jeneza, Mzee."

"Hata mimi. Na limeshonwa vizuri, siku yangu ikifika nitalitaka hilo hilo." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha. "Na sasa unaona nini?"

Hakuwa anaangalia dirisha tena, alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi nilikuwa ninaangalia baiskeli.

"Mzee," nikasema, "Bikira Maria angekuwa anapita Busia, angefika kwa hiyo."

Mzee Etyang alifikiri kidogo. "Kwa miguu ni mbali, na mimba," akasema. "Angefika kwa hiyo."

Nilimwomba aniazime, na nilijua ninachoomba, maana ndiyo kazi yake na ilikuwa wiki ya watu wengi. "Chukua," akasema. "Vijana wa pikipiki wamenimaliza tayari. Heri nimbebe mmoja wa maana."

Chenji ya Fredi nilirudisha yote. Satini niliikunja, na mpaka leo imo kwenye sanduku, imetoa magauni mawili ya Komunyo ya Kwanza. Ndani ya dirisha niliingiza baiskeli. Sanamu moja ya kuvalishia nguo niliivika gauni la kitenge kutoka shelfu letu, mto mdogo tumboni, leso kichwani, nikaiketisha upande kwenye ule mto wa pindo. Nyingine niliivika koti la kahawia, mkono mmoja kwenye usukani. Nyuma nikafunga mkeka wa mafunjo, sufuria, na kikapu. Mwisho wa dirisha, upande wa mkono wa kulia, nikaweka mlango wa boksi, kama wa nyumba ya wageni, na kibao: *Lojingi imejaa*. Halafu nikavuka barabara. Nikarudi, nikamgeuza Yosefu shingo amwangalie mkewe, nikavuka tena. Nilivuka mara tisa.

Asubuhi iliyofuata nilisogeza baiskeli kiasi cha shubiri moja kuelekea mlangoni. Na kesho yake shubiri nyingine. Hilo sikulipanga kwa ujanja wa biashara, ni Majilio tu, mtu hafiki kabla ya siku yake. Lakini watu waliona. Wanawake wa sokoni walianza kupita makusudi.

"Leo wamefika wapi?"

"Wamepita ule ufa wa sakafu."

"Hawa hawatafika. Yosefu amechoka."

"Na lile koti amenunua wapi?"

"Humu ndani, mama, ingia."

Waliingia. Waliingia kwa koti, wakatoka na sare za shule na blanketi. Mzee Etyang alikuja kila asubuhi na pampu yake kukagua magurudumu, na vijana wa pikipiki walimngoja.

"Mzee, umemtoza Mama Maria ngapi mpaka Bethlehemu?"

"Bure. Wewe hata padri unamtoza!"

Padri mwenyewe alikuja. Nilijua wapo waliosema nimemfanya Mama wa Mungu abiria. Alisogea kwenye kioo, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Hajazaliwa, Padri. Bado wako njiani."

Akatikisa kichwa polepole. "Angalau duka moja mjini linajua tarehe," akasema.

Fredi alishinda kwenye kaunta siku hizo zote. Shughuli zilikuwa nyingi, na bado matofali yalikuwa pale veranda. Tarehe ishirini na nne asubuhi baiskeli ilikuwa imebakiza shubiri moja. Mbele ya kioo walikuwapo kina mama na watoto, na wauza ndizi wenye beseni kichwani, wakingoja. Katikati yao akapenya mtu mwenye mwiko na kamba ya kupimia.

"Dirisha la kuziba ni hili?"

Mwanamke mmoja, mnene, mwenye mtoto mgongoni, akamgeukia.

"Kuziba? Uzibe kabla hawajafika?"

"Mama, mimi nimeitwa tu."

"Umeitwa na Herode!"

Fundi akamtafuta Fredi kwa macho. Fredi alitoka mlangoni. Alinitazama, nami nilikuwa nimeshasema yote kwa pini na uzi. Ng'ambo ya barabara baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti, kama alivyokuja kuketi kila alipopata gari wiki ile. Hakumwita. Fredi akashuka veranda, akavuka barabara. Nilikuwa nimefanya kazi naye mwaka mzima na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka.

Alisimama kando ya baba yake. Sijui Mzee alimwambia nini, ila najua alimuuliza anaona nini, maana hajui swali jingine. Fredi alitazama dirisha mpaka trela mbili zikapita. Kisha akarudi.

"Fundi," akasema, "matofali ni hayo. Ingiza ndani ya dirisha. Jenga zizi la ng'ombe, pale nyuma ya lojingi. Saruji usitie."

"Zizi la ukubwa gani, bosi?"

"Muulize Mama Perpetua."

Fundi alijenga mbele ya umati wote, na sijaona ukuta ukipigiwa makofi tangu siku ile. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimwelekeza kila tofali. Tulimteremsha Maria kwenye baiskeli, nikatandika mkeka wa mafunjo, na Mzee Etyang akachukua baiskeli yake akaenda kutafuta abiria, akisema huyu wa kwanza ameshafika salama.

Mzee Wandera aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki kweli, watu wa Khunyangu walikataa kuamini mpaka walipokwenda kumwona. Apumzike kwa amani. Mto wa pindo nyekundu Mzee Etyang aliniachia alipostaafu, umo kwenye sanduku la mapambo pamoja na uzi wa nailoni.

Matofali, Mercy, yako chini ya ngazi ya stoo. Usiyapake rangi, na usikubali mtu ayachukue kuzuia mlango. Kila mwaka ishirini na nne asubuhi yajenge bila saruji, na Epifania uyarudishe. Anza na kioo, siki na magazeti. Baiskeli utakayoazima isogeze shubiri moja kwa siku, hata kama watu wanakuhimiza. Na usinipigie simu kuniuliza kama limependeza. Kiti changu kitakuwa kwenye veranda ya ng'ambo. Vuka.